Huruma Yangu kwa Kiumbe wa Frankenstein Inagota kwa Justine

Wasomaji wa Frankenstein, riwaya ya Mary Shelley, hawaachi kubishana: wa kuhurumiwa ni Victor aliyeumba, au kiumbe wake? Mimi nilishachagua zamani. Niko upande wa kiumbe, ingawa kuna mahali nashindwa kumtetea.

Huruma yangu inaanzia chumbani kwa Victor, mjini Ingolstadt, usiku wa Novemba. Kijana huyu amehangaika karibu miaka miwili na viungo vya maiti. Kiumbe anapofumbua jicho lake la manjano, Victor anakimbia kwenda kujilaza. Anaposhtuka usingizini, kiumbe ameinua pazia la kitanda, anamtazama, anatoa sauti zisizoeleweka, mkono mmoja ameunyoosha. Mtoto mchanga ana lugha gani nyingine? Victor anateremka ngazi mbio. Hata jina hakumpa.

Mary Shelley alianza kuandika riwaya hii mwaka 1816 akiwa na miaka 18. Mwaka mmoja kabla alikuwa amefiwa na bintiye wa kwanza, aliyezaliwa kabla ya siku zake. Kila nikisoma kuhusu mkono ule namkumbuka mtoto huyo.

Baadaye kiumbe anajificha kando ya nyumba ya akina De Lacey, na usiku anawaokotea kuni bila wao kujua. Siku anayojitokeza, mzee kipofu anaongea naye vizuri. Mwanawe mwenye macho anamchapa fimbo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na Victor hakulea kabisa.

Lakini kuna Justine Moritz, mtumishi wa nyumbani kwa akina Frankenstein. Kiumbe anamuua William, mdogo wake Victor, kisha anaichukua picha aliyokuwa ameivaa mtoto na kuipenyeza kwenye nguo za Justine aliyelala. Binti huyu alikuwa amezunguka saa kadhaa akimtafuta William. Picha inakutwa kwake, naye anashtakiwa kwa mauaji. Hapo simtetei kiumbe. Alionewa, naye akamwonea mtu asiyemkosea lolote.

Na Victor? Anamjua muuaji, ananyamaza kwa hoja kwamba ataonekana mwendawazimu. Siku ya kesi anadiriki kusema kwamba mateso ya mshtakiwa hayafikii yake, kwa kuwa mwenzake anajua hana hatia! Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwa hasira. Anayekwenda kuuawa ni Justine, na huyu bado anapima nani ana uchungu zaidi. Wanaomlilia Victor naomba wausome tena ukurasa huo.

Justine alikuwa amekiri kosa asilolitenda, baada ya padri kumtisha kwamba atatengwa na kanisa na kuingia motoni. Victor na Elizabeth, binti aliyelelewa naye nyumbani, wanakwenda kumwona Justine gerezani. Victor anajibanza kwenye kona, na Justine anamshukuru kwa kuja, kisha anamuuliza kama na yeye anaamini ameua. Victor hawezi kujibu. Elizabeth ndiye anayemjibia.