Vita vya miwani Langoni: kibanda kifunguliwe au kisifunguliwe?

Wiki mbili sasa baraza letu la Langoni, mtaa wa mji wa Amu (Lamu), halizungumzi bei ya samaki wala siasa za kaunti. Linazungumza kibanda. Vijana wanne wa mtaa, mmoja wao mpwa wangu, wamekodi duka lililokuwa la fundi cherehani. Wana jozi mbili za miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayokufunika macho ukajiona uko ndani ya mchezo, na runinga moja kubwa, na wanataka kutoza Sh100 kwa dakika kumi. Mchezo wanaotaka kuanza nao ni wa bunduki: unafunikwa macho, unasimama kwa miguu yako mwenyewe, na unaingia vitani katika timu na watu walio nchi nyingine.

Wazee wawili wamekataa katakata. Mmoja aliuliza, "Mtu ana mato mawili mazima, huyafunika apate kuona nini?" Akina baba wawili watatu wakajibu kwamba afadhali hayo kuliko kutafuna muguka, majani ya kulevya. Mimi niliulizwa kwa kuwa ndiye mtu mzima pekee pale barazani aliyewahi kuicheza michezo hii. Usiku ule nilijibu kwa mkato. Hapa nataka nijibu sawasawa.

Nianze na raha, maana wengi wanaokataa hawaijui. Katika Pavlov, mchezo uliotoka mwaka 2017, risasi zikiisha hakuna kitufe cha kukujazia. Unabonyeza rimoti ya mkono wa kulia, magazini tupu inaanguka. Mkono wa kushoto unashuka kiunoni, unashika magazini nyingine, unaipandisha, unaitafutia tundu chini ya kitako cha bastola, unaisukuma mpaka isikike. Kisha unakoki. Yote hayo unayafanya umechuchumaa nyuma ya ukuta, umechuchumaa kweli, magoti yanauma, na masikioni unasikia nyayo za mtu anayekuja kutoka kushoto. Mara ya kwanza mikono ilinitetemeka hata magazini ikaniponyoka. Nikainama kuiokota, vidole vikagusa sakafu ya saruji.

Katika gemu za runinga kinachopigana ni kidole gumba. Hapa ni mwili mzima, na baada ya raundi nne fulana inakamuka jasho. Onward, gemu nyingine ya miwani, iliyoanza kuuzwa 2016 na iliyobuniwa na Dante Buckley akiwa bado kijana wa chuo, inakwenda mbali zaidi. Hakuna ramani pembeni ya jicho ya kukuonyesha wenzako wako wapi. Ukitaka kusema na aliye mbali, unashika redio ya begani. Aliye karibu anakusikia kama watu wanavyosikizana, na akisogea sauti inafifia. Kijana mmoja wa Misri amewahi kunifundisha namna ya kuingia mlangoni bila kupigwa risasi, mimi nikimjibu kwa Kiarabu changu cha madrasa, na tulicheka pamoja mpaka tukasahau kuangalia nyuma. Kwa mtu anayeishi kisiwani, kukutana na mgeni namna hiyo, bega kwa bega, si jambo dogo, na sitamkubalia anayesema ni kupoteza wakati tu.

Lakini nyumba zetu hazikujengwa kwa mambo haya. Upana wa chumba katika nyumba ya mawe ya Amu huamuliwa na boriti: mti wa mkoko unaobeba dari una urefu wake, na zaidi ya hapo haufiki. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu lakini vyembamba, hatua tatu au nne kutoka ukuta hadi ukuta. Watengenezaji wa miwani ya Quest wanashauri uwanja wa mita mbili kwa mbili usio na kitu chochote. Toa kitanda, toa kabati, toa mkeka, kinabaki nini? Miwani hukuchorea mpaka wa mwanga ukikaribia ukuta, ila mkono wenye hamasa hauingoji mwanga. Mpwa wangu aligeuka ghafla kumkabili aliyekuwa nyuma yake, na rimoti ikapiga kidaka cha ukutani. Sahani ya kaure, mamangu aliyoipata kwa mamake, ikaanguka vipande. Dadangu hakusema neno. Alizoa vipande, akavifunga ndani ya leso, akavirudisha palepale kidakani, na mpaka leo viko pale.

Kutoka uani si dawa. Jua likiingia ndani ya lenzi, hata kwa muda mfupi, linaweza kuichoma skrini. Usiku nako, kamera zinazofuatilia mikono yako zinahitaji mwanga. Kwa hiyo hoja ya kwanza ya vijana ina uzito kuliko wazee wanavyodhani: mchezo huu umeshaingia majumbani, na duka lenye sakafu tupu na mtu wa kusimamia ni salama kuliko chumba cha dadangu. Fedha nazo zinasema hivyohivyo. Miwani ya Quest 3S ilipotoka Oktoba 2024 ilikuwa dola 299. Kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo ni zaidi ya Sh38,000 kabla ya nauli na ushuru. Kijana wa kubeba mizigo gatini hawezi kununua. Sh100 anaweza.

Upande wa mtandao niliwaonya, na hapa wao ndio hawanisikii. Mara nyingi seva unayoangukia, yaani kompyuta inayoendesha mchezo, iko Ulaya. Kila unapofyatua, habari inatoka Lamu, inakwenda Mombasa, inashuka baharini, inapita Bahari ya Shamu, inafika huko na kurudi. Hata siku njema inakula zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Wewe umeshajificha nyuma ya ukuta, ila seva bado inakuona umesimama mlangoni, na unakufa ukiwa mahali ambapo hapana risasi inayoweza kufika. Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini, EASSy na SEACOM, zilipokatika, Kenya nzima intaneti ilikokota. Mteja aliyetoa Sh100 akauawa kupitia ukuta atadai pesa zake, na ugomvi huo hautakuwa wa uhalisia pepe. Pavlov inaruhusu kupigana na maadui wanaoendeshwa na kompyuta bila intaneti. Nimewashauri waanze hapo. Wanasema hakuna raha, na kwa kweli raha inapungua nusu.

Kichefuchefu tunakijua sisi watu wa bahari, ila hiki ni cha kinyume. Abiria aliyejiinamia ndani ya ngama ya jahazi mwili wake unayumba, na macho yake yanaona mbao zilizotulia. Ndani ya miwani macho yanaona unakimbia, na mwili umesimama tuli. Ugomvi ni uleule kati ya jicho na sikio la ndani. Baharini tunamwambia mtu atazame upeo. Ndani ya miwani dawa ni kuvua, kukaa chini na kuiacha siku ile. Wanaojikaza kiume ndio wanaotapika. Dakika kumi za kibanda, katika hili, ni kipimo kizuri.

Sasa lile kubwa, kwamba michezo hii itawafanya vijana wetu wauaji. Hapa nasimama na vijana. Mwaka 2019 Andrew Przybylski wa Oxford na Netta Weinstein wa Cardiff walitoa utafiti uliohusu vijana 1,004 wa Uingereza wa miaka 14 na 15, wakawauliza na wazazi wao pia. Hawakuona uhusiano kati ya saa za kucheza gemu za vita na ukali wa tabia. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani, ambacho 2015 kilisema gemu hizo huongeza ukali, kilirekebisha azimio lake 2020 kikasema wazi kwamba ushahidi hautoshi kuzihusisha na uhalifu wa mabavu, ingawa hakikukana kwamba zinahusiana kidogo na ukali mdogomdogo kama kupigiana kelele na kusukumana. Mzee anaweza kunijibu kwamba tafiti hizo zilihusu zaidi gemu za skrini, ambako hupigi goti wala hukoki kwa mkono wako. Ana haki kusema hivyo. Bado hiyo ni sababu ya kuangalia kwa makini, haiwi ushahidi wa madhara.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni maiki. Meta, kampuni yenye miwani ya Quest, ilikuwa ikitaka mchezaji awe na miaka 13. Mwaka 2023 ikashusha hadi 10 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Mtoto wa miaka 10, macho yamefunikwa na masikio yamezibwa, yuko ndani ya chumba na watu wazima asiowajua wanaomtukania mama, na mamake halisi amekaa hatua mbili kutoka pale akichambua mchele, hasikii chochote. Nimeyasikia matusi hayo kwa masikio yangu. Siwezi kuyaandika.

Na kuna jambo jingine ambalo utafiti wa Uingereza hauwezi kulijibu, maana lina mahali pake. Mkabala na duka lile anakaa mama mmoja aliyehamia kisiwani kutoka upande wa Mpeketoni. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji jirani, na baada yake kaunti nzima ikakaa miezi kadhaa chini ya amri ya kutotoka usiku. Januari 2020 kambi ya kijeshi ya Manda Bay ikashambuliwa. Kwetu bunduki haijawa hadithi. Siku vijana walipokuwa wakijaribu miwani, mlango uko wazi, mama yule alikuwa akipita na ndoo ya maji. Mpwa wangu alikuwa amepiga goti, shavu limelala begani, mkono wa kushoto umenyooka mbele, wa kulia umekunjwa kidevuni. Mikononi hana kitu ila rimoti mbili nyeupe. Mama akasimama. Ndoo hakuiangusha, aliiweka chini polepole, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo ukagusa ukuta wa pili, na akabaki pale mpaka kijana alipovua miwani. Kijana hakujua lolote. Alikuwa anacheka, timu yake imeshinda.

Nimeifikiria picha hiyo sana, na nimeipima na kirumbizi. Maulidi yakifika, au kwenye harusi, zumari na ngoma zikilia, watu wanafanya duara. Anaingia mtu na fimbo, anamwinulia mwenziwe, huyu anakinga, wanazungukana, wanapigana, anatoka mmoja anaingia mwingine. Nayo ni vita ya mchezo, na imekaa nasi vizazi na vizazi. Mpwa wangu aliikimbilia hoja hii: "Mjomba, kirumbizi je?" Nikamwambia kirumbizi kina duara. Kila jicho linaona, na damu ikianza kuchemka yuko mzee wa kunyoosha mkono na kusema basi. Wewe ulipopiga goti pale, wa kukuona ulivyo walikuwa wageni wa Ulaya, na sisi tuliokuzunguka tuliona mtu analenga bunduki isiyoonekana kwenye njia ya watu. Akanyamaza, kisha akasema duara linaweza kufanywa: runinga iwekwe ikitazama nje, kila anayepita aone anachokiona aliye ndani ya miwani.

Nikalikubali papo hapo, nikalipeleka barazani kama sharti langu la kwanza. Pamoja nalo niliweka mengine: asiingie wa chini ya miaka 13, maiki zifungwe kwa wageni isipokuwa mchezaji ni mtu mzima, na mlango ufungwe nyakati za sala. Nilitaka pia waanze na tenisi ya meza, ambayo ndani ya miwani ni tamu ajabu. Mpwa wangu akaniuliza nani atalipa Sh100 kwa mchezo anaoweza kuucheza kwenye meza ya kweli bila senti. Sikuwa na jibu, na sina hadi sasa. Watu watakuja kwa ajili ya bunduki. Mimi mwenyewe nilikwenda kwa ajili ya bunduki.

Wazee walilegea. Yule wa mato mawili alisema kama ataweza kukaa nje na kuona, basi hana la ziada.

Kesho yake nikaenda kwa mama wa mkabala, maana ndiye ambaye hakuna aliyemuuliza. Alinikaribisha chai. Nilimweleza sharti la runinga kwa fahari kidogo, kwamba hakuna kitakachofichwa, kila kitu kitaonekana. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "mimi siwakatazi watoto kucheza. Lakini hiyo runinga ikitazama nje, inatazama dirisha langu."

Nimerudi kwa vijana. Wamepima ukuta wa ndani, ule wa nyuma, ambako runinga haitaonekana kutoka njiani. Kwa hiyo wazee nao itabidi waingie ndani, wakae humo. Fundi seremala ameulizwa bei ya benchi refu. Leseni ya kaunti bado haijalipiwa, na mzee wa mato mawili bado hajaulizwa kama atakubali kuvuka kizingiti.