Mimi si besi, wala si teno

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kwaya, huku Kirumba, Mwanza, mwalimu alinipima sauti kwa kinanda chenye kitufe kimoja kibovu. Nilipanda mpaka sauti ikapasuka, nikashuka mpaka ikabaki pumzi tupu. "Nenda besi," akasema, yaani sauti ya chini ya wanaume. Baadaye teno, wale wa sauti ya juu, wakapungua, nikahamishiwa huko. Tangu hapo nimekuwa kama kivuko cha Kamanga: leo ng'ambo hii, kesho ng'ambo ile.

Hakuna aliyeniambia kwamba pale katikati nako pana watu, na wanaitwa mabaritoni. Nimelijua hilo kwa Dietrich Fischer-Dieskau, mwimbaji baritoni, Mjerumani wa Berlin aliyezaliwa 1925. (Mji wetu una jiwe lenye jina la Bismarck, kiongozi wa zamani wa Ujerumani, huyu naye angestahili walau kokoto.) Alipelekwa vitani kijana, Wamarekani wakamteka Italia 1945, akawa anawaimbia mateka wenzake. Mwaka 1947 aliitwa kuziba pengo la mwimbaji mgonjwa katika Rekwiemu (muziki wa kuwaombea wafu) ya mtunzi Brahms, akaimba bila mazoezi. Mwaka uliofuata alikuwa jukwaani Berlin, kwenye opera (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) ya mtunzi Verdi. Mwaka 1962 akasimama Coventry, Uingereza, katika kanisa kuu jipya lililojengwa kando ya magofu ya lile lililopigwa mabomu na Wajerumani wenzake, akaimba Rekwiemu ya Vita ya mtunzi Mwingereza Britten.

Opera yake naiheshimu, basi. Kinachonikosesha usingizi ni zile nyimbo ndogo: mtu mmoja, piano moja, hakuna maikrofoni. Akiwa na mpiga piano Gerald Moore alirekodi karibu nyimbo zote za mtunzi Schubert zinazofaa sauti ya kiume. Sikiliza ule wa mwisho katika Winterreise (Safari ya Majira ya Baridi), mkusanyiko wa Schubert wenye nyimbo 24. Mzee amesimama peku kwenye barafu, anazungusha kinanda chake cha mkono, kisahani cha sadaka kitupu, mbwa wanamngurumia. Mimi ningelia kwa sauti kubwa. Yeye anaimba kama anayemweleza jirani jambo alilolipita njiani, na kila neno linafika lilivyo. Kijerumani sikijui, nilisoma tafsiri nimekaa juu ya ndoo sokoni Mwaloni nikisubiri mzigo wa dagaa, nikaurudia wimbo mara tatu.

Kwetu neno huwa la mwisho kufikiriwa. Spika inapanda, kinanda kinapanda, sauti ya kwanza inapanda juu yake, na "mchungaji" inamfikia muumini wa benchi la nyuma ikiwa "uuu-aaa-iii". Tunavuta irabu, tunazimeza konsonanti, halafu tunaita hiyo upako. Naona ni uvivu.

Alhamisi iliyopita, baada ya mazoezi, nilimfuata mwalimu. Nikamwomba ubeti mmoja tu, peke yangu, kinanda kikipigwa taratibu na spika ikizimwa.

"Kaka," akasema huku akikunja waya, "Jumapili nina besi wawili tu."

Jumapili tulikuwa watatu.