Anza na vyumba vya uani, tena ukae humohumo

Shemeji yangu yuko Minnesota. Mwaka jana alinunua nyumba ya ghorofa moja ya kukaa familia mbili. Yeye anakaa chini, juu kampangisha mtu, na kodi ya huyo wa juu ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya marejesho ya benki. Akanipigia simu kunipa somo: "Shem, huku inaitwa house hacking." Nilimwacha amalize, kisha nikamuuliza kama ameisahau nyumba aliyozaliwa, Magomeni, Dar es Salaam. Korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko, choo na bomba. Bibi yake alikaa chumba cha mbele, kile kinachopakana na baraza, vingine vyote vilikuwa na wapangaji. Akacheka sana.

Haina maana kwamba mambo ni yaleyale. Kule kuna mkopo unaokatiwa bima na serikali, wanauita FHA. Mwenye sifa anaweza kuanza na asilimia 3.5 ya bei, hata kwa nyumba ya familia nne, mradi yeye mwenyewe akae humo walau mwaka mmoja. Sisi riba ya mkopo wa nyumba ni ya tarakimu mbili, na kiwanja chenye karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa hakikufikishi mbali benki. Kwa hiyo tunajenga kwa mfuko wetu, tofali leo, tofali mwezi ujao. Na mtu anayejenga hivyo, swali lake kubwa ni aanzie wapi.

Wengi wanaanzia mbele. Pita Kivule au Chanika, pembezoni mwa Dar, uhesabu maboma: ramani ya vyumba vinne, masta mbili, sebule ya kuchezea mpira, imeishia kwenye lenta na mpapai umeota jikoni. Mwenyewe yuko Sinza mwaka wa tisa, analipa kodi kwa mtu mwingine.

Mimi nilianzia nyuma, na sikuwa mjanja, nilikuwa sina hela. Kiwanja changu Kivule ni mita 20 kwa 20. Nikanyanyua vyumba vinne kwenye ukuta wa nyuma, vimepangana kama behewa, bati geji 30, choo na bafu pembeni. Tukahamia sakafu ikiwa zege tupu, dari hakuna. Viwili vyetu, viwili vya wapangaji, kila kimoja 50,000 kwa mwezi.

Fanya hesabu hapo, maana watu wengi wanaikosea. Wapangaji wananipa 1,200,000 kwa mwaka. Lakini Tabata nilikokuwa nimepanga nilikuwa nalipa 180,000 kwa mwezi, yaani 2,160,000 kwa mwaka. Faida kubwa haikutoka kwa wapangaji wangu, ilitoka kwa mwenye nyumba wangu wa zamani aliyeacha kuniona. Ndiyo maana simwelewi mtu anayejenga vyumba vya kupangisha huku yeye ameendelea kupanga mjini kwenye nyumba ya bei mbaya, eti kwa sababu ya hadhi. Ukweli ni kwamba nauli imepanda na naamka saa kumi alfajiri kuwahi gari. Toa hiyo pia kwenye hesabu. Kwangu bado inalipa.

Tatizo lenyewe ni umeme. Tulianza na LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla, wote tunachangia sawa. Mpangaji wa chumba cha mwisho, mama mmoja mchangamfu sana, akaleta friza ya kugandishia barafu za watoto wa shule. Mteja wa matumizi madogo analipa shilingi 100 kwa uniti ikiwa hazidi uniti 75 kwa mwezi. Ukiendelea kuvuka unahamishwa kundi, na huko uniti moja inakaribia 300 kabla ya makato mengine. Friza ile ilituhamisha bila kutuaga. Yule kijana wa chumba cha pili, mwenye balbu na chaja ya simu tu, akanifuata mlangoni: "Baba mwenye nyumba, mimi nagandisha nini?" Sikuwa na jibu. Nikafunga submita kila chumba, na kwa mara ya kwanza tukaona barafu zinakula kiasi gani. Mama hakununa. Alipandisha bei ya barafu.

Kodi ya jengo nayo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, na deni lake ni la mwenye nyumba, si la mpangaji. Ninaibeba mwenyewe. Ni hela ndogo mno kugombania na mtu unayekutana naye bafuni kila asubuhi.

Maana hiyo ndiyo gharama ambayo shemeji hakuitaja. Ukikaa na wapangaji uani unasikia kila kitu. Unajua mtoto wa nani amelala na homa, halafu kesho yake ndiyo tarehe ya kudai kodi. Nimewahi kugeuza nikiwa nimeshafika mlangoni, nikajifanya nimefuata ndoo. Mke wangu ndiye anayedai, ana roho hiyo.

Kodi naipokea kwa miezi sita, na ikiingia 600,000 kwa mpigo ina tabia ya kuyeyuka. Nimejiwekea sharti: inaenda moja kwa moja dukani kwa simenti na nondo, hata nyumbani haifiki. Ndiyo iliyoinua nyumba ya mbele mpaka tukapaua mwezi wa nne.

Sasa mke wangu anaulizia rangi za ukuta. Juzi usiku nikamwambia, "Mama Nasra, mbele pale tungeweza kupangisha hata kwa laki mbili na nusu, sisi tukabaki huku nyuma miaka miwili mingine." Mpaka leo naandika haya, chakula naandaliwa kama kawaida, ila neno sijaambiwa.