Tuchambue makonyo kwenye simu zetu

"Mwanangu, hii Google yako mbona haina fujo?"

Aliyeniuliza ni mzee mmoja wa Kengeja aliyekuja kwenye steshenari yangu hapa Chake Chake, Pemba, kutoa kopi za hati ya shamba. Watu walikuwa wengi, nikamfungulia habari kwenye mashine ya pembeni asome huku akisubiri. Alipomaliza akatoa simu yake mpya, aliyonunuliwa na wanawe baada ya kuuza karafuu, akaufungua ukurasa ule ule. Habari aliyoisoma punde tu haikuonekana. Juu palikuwa na tangazo la kubeti, katikati video inayojicheza yenyewe, na chini kijisanduku kinachomtaka akubali kitu asichokijua. Mzee wa watu, tasbihi mkononi, akailaza simu kifudifudi juu ya meza kama aliyeona haya.

Swali lake sijaliacha tangu siku ile. Kwanza, ile aliyoiita Google siyo Google. Ni kivinjari, na kwenye mashine yangu ni Firefox. Wengi ninaowahudumia hawatofautishi kivinjari, mtambo wa kutafutia na intaneti yenyewe. Vyote kwao ni "Google", na siwalaumu, maana hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba hapo pana kitu cha kuchagua. Tunachagua kamera ya simu, rangi ya kava, ukubwa wa betri, tunalinganisha maduka matatu kabla ya kutoa pesa. Kivinjari, ambacho ndicho tunachokitumia kusoma, kutafuta kazi na kuangalia matokeo ya watoto, tunakipokea kama kilivyokuja.

Na neno lenyewe lilivyo zuri! Vinjari ni neno la watu wa baharini: chombo kikivinjari kinazunguka huku na huko, kinalinda, kinapeleleza. Chombo kama hicho lazima kiwe na nahodha wake. Kwenye simu zetu nahodha ni mtu mwengine, na mwenye simu ni abiria.

Kuna anayelipa ili mambo yabaki hivyo, na analipa pesa nyingi mno. Kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, iliyofunguliwa 2020 na kusikilizwa 2023, iliweka hadharani hesabu moja: mwaka 2021 peke yake Google ililipa kampuni nyengine dola bilioni 26.3 ili mtambo wake wa kutafutia uwe ndio unaompokea mtu kwenye simu na vivinjari vyao. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba kampuni hiyo ilivunja sheria ili kulinda ukiritimba wake. Septemba 2025 akakataa kuilazimisha iuze Chrome, kivinjari chake. Mie si mwanasheria na sitajifanya kumsahihisha jaji, lakini hesabu ile naielewa kama mfanyabiashara. Hakuna anayetoa bilioni 26 kununua kitu kisicho na thamani. Kilichonunuliwa pale ni huku kutochagua kwetu, wakiwemo wazee wa Kengeja.

Sasa nirudi kwenye fujo. Kwetu Pemba karafuu haitoki mtini ikaenda moja kwa moja kwenye jamvi. Inachumwa na vikonyo vyake, halafu usiku watu wanakaa barazani kwa mwanga wa taa wanachambua, karafuu huku, makonyo kule. Mtoto wa miaka sita anaweza. Ukurasa wa tovuti nao unakuja na makonyo yake: matangazo, video, na vijiprogramu visivyoonekana vinavyomwandama msomaji kila anapokwenda ili mtu ajue anapenda nini. Kwenye mashine zangu anayechambua ni uBlock Origin, kiendelezi cha bure, yaani kijiprogramu cha nyongeza kinachowekwa ndani ya Firefox. Na kinachambua mapema: tangazo linazuiwa kabla ya kuombwa, kwa hiyo halifiki na halili bando. Hilo ndilo ninalotaka watu walifahamu. Video ile ya tangazo mzee hakuiomba, lakini bando lililoileta ni lake, amelinunua kwa pesa zake.

Makonyo ya karafuu hayatupwi. Yanakwenda Wawi, kiwandani, yanatolewa mafuta, na mafuta yanauzwa. Makonyo ya kurasa nayo yana mahali yanapokamuliwa, na mafuta yake ni mazito kweli kweli, ila hayaji Pemba.

Kwenye simu za Android, Firefox inakubali viendelezi; tangu Disemba 2023 mlango uko wazi kwa karibu kiendelezi chochote kilichotengenezwa kwa ajili ya simu. Chrome ya simu haivikubali kabisa, na Chrome ya kompyuta imebadilisha kanuni zake hadi uBlock Origin kamili haifanyi kazi tena, limebaki toleo lake jepesi. Kampuni inayoishi kwa matangazo ndiyo inayotengeneza kivinjari. Sihitaji kusema zaidi.

Najua mtu ataniuliza: na wanaoandika kwa Kiswahili, wanaotegemea tangazo dogo ili walipie tovuti yao, wale nini? Ni swali la haki. Mie nazima kizuizi kwenye tovuti ninazozisoma kila siku na ambazo matangazo yake hayamkabi msomaji koo. Ni kitufe kimoja, kinakumbuka tovuti ile peke yake. Anayeniwekea tangazo la kamari juu ya habari za msiba simfungulii.

Na nisiifiche Firefox aibu yake: sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla, wanaoitengeneza, inatoka kwa Google hiyo hiyo, kwa kuiweka iwe mtambo wa kwanza wa kutafutia. Ndiyo hali. Naitumia nikijua hivyo.

Lakini kilichonifanya nibadilishe mashine zote za dukani ni jambo jengine, na mpaka leo lina uzito moyoni mwangu. Siku moja nilikuwa nasafisha mashine ya wateja, nikaingia kwenye orodha ya nywila zilizohifadhiwa. Nikakuta majina ya watu ninaowajua. Mwalimu wa skuli ya jirani. Mama anayeuza maandazi stendi ya daladala. Vijana waliokuja kuomba vyuo. Kila mmoja aliulizwa na kivinjari kama nywila ihifadhiwe, naye kwa haraka akabonyeza ndiyo, kijisanduku kimuondokee. Nikafungua folda ya vitu vilivyopakuliwa: picha za Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, vyeti vya kuzaliwa, matokeo ya mitihani, hata barua moja ya talaka. Yeyote aliyekaa kwenye kiti kile, kwa muda wote ule, angeweza kuvisoma. Watu walinikabidhi siri zao kwa ujira wa kuprinti kurasa mbili, na mie nikaziacha mezani.

Kosa halikuwa la kivinjari. Kila kivinjari kikubwa kina dirisha fiche ambalo halitunzi historia. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu sikuwahi kuingia kwenye mipangilio hata mara moja. Nilifuta kila kitu usiku ule ule. Kisha nikaweka Firefox kwenye mashine zote tatu na kuiamuru isihifadhi nywila, isikumbuke historia, na ifute vidakuzi vyote, vile vijifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye mashine ili zimkumbuke mtu, kila inapofungwa. Folda ya vilivyopakuliwa naisafisha mwenyewe kila jioni kabla sijashusha mlango. Wenzangu wenye steshenari, kuanzia Mkoani mpaka Konde, na nyinyi wa Darajani, Unguja: nakuombeni mfanye hivi leo. Ni kazi ya robo saa. Na wewe mteja, usiondoke kwenye kiti mpaka utoke kwenye barua pepe yako, hata kama boti inakusubiri Mkoani.

Shangazi yangu wa Micheweni hatumii Firefox, wala sijamlazimisha. Ana kisimu kidogo chenye memori finyu, na mtandao kule kwake huja na kuondoka. Yeye ni mtu wa Opera Mini tangu zamani. Programu hiyo ilianzia Norwei mwaka 2005, nchi ile ile iliyotusaidia kupata waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, na ilitengenezwa kwa simu kama yake. Ukurasa hauji moja kwa moja. Unapitia kwanza kwenye kompyuta za kampuni, unabanwa mpaka unakuwa mdogo mno, ndipo unatumwa. Bando la siku moja kwake linafika siku tatu. Nimemuomba jambo moja tu: akitaka kuingia benki au popote panapotaka nywila asitumie Opera Mini, kwa sababu kwenye ule ubanaji mkali kompyuta za katikati ndizo zinazoufungua ukurasa. Akanambia, "Mwanangu, mie benki yangu ni Bi Mkubwa wa kijumbe cha upatu." Basi, Opera Mini inamfaa. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani ninahubiri kivinjari kimoja kwa watu wote.

Wenye iPhone wana shida yao. Kwetu, Chrome au Firefox utakayoipakua kwenye iPhone ndani yake imebeba injini ya Safari, kivinjari cha Apple, kwa amri ya Apple wenyewe; injini ndiyo inayousoma ukurasa na kuuchora kwenye skrini. Ulaya walilazimisha mlango ufunguliwe mwaka 2024. Sisi bado.

Na kwenye kompyuta hali inakwenda huko huko. Opera iliacha injini yake mwaka 2013, Edge ya Microsoft mwaka 2020, zote zikaingia kwenye Chromium, msingi wa Chrome. Brave nayo humo. Unaweza kuwa na vivinjari vinne kwenye skrini ukajiona una uchaguzi mpana, kumbe ni majahazi manne yaliyoundwa kwa ubao wa duka moja. Firefox na Safari ndizo kubwa zilizobaki nje.

Kwa nini imhusu mtu wa Chake? Nilipata jibu mwaka huu. Binti mmoja alikuja kuomba kazi kupitia mfumo mmoja wa maombi, siku ya mwisho, saa kumi jioni. Tukajaza kurasa zote. Tulipofika pa kuambatisha vyeti, ukurasa ukawa mweupe. Tukarudia, mweupe. Binti akaanza kutetemeka mikono. Nikaichukua kompyuta yangu binafsi, ambayo ina Chrome, tukaanza upya tangu jina, na safari hii vyeti vikapanda. Alituma saa tano na nusu usiku, baba yake amekaa kwenye ngazi ya duka akimsubiri. Waliotengeneza mfumo ule waliujaribu kwenye kivinjari kimoja wakaona imetosha. Intaneti imejengwa juu ya kanuni zilizoandikwa wazi, kila kivinjari kizifuate na kila ukurasa uzifuate. Tukishaachia injini moja, kanuni inakuwa ni yale inayoyataka injini hiyo, na anayetumia nyengine ataambiwa tatizo ni lake.

Hizo mashine zangu tatu, kwa wanaouliza, ni used zilizokuja na kontena la Dubai. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa kwa sababu ni za zamani. Niliambiwa nizitupe. Nimeweka Linux Mint, mfumo mwengine wa kuendeshea kompyuta, wa bure, na zinafanya kazi kuliko mwanzo. Wateja hawakugundua. Wanaona Firefox, wanaona LibreOffice ya kuandikia, wanaprinti, wanakwenda zao. Tabu ni faili za Word zenye majedwali, ambazo wakati mwengine zinapanuka na kuvuka ukurasa. Hizo nazifungua kwenye kompyuta yangu. Mashine nzima, yenye skrini nzuri na kibodi kisicho na kutu licha ya chumvi ya hewa yetu, kuiita taka kwa sababu ya tarehe kwenye kalenda ya kampuni ni jambo ambalo sitalikubali.

Yule mzee alirudi wiki mbili baadaye. Nilikuwa nimemuwekea Firefox na kile kichambuzi kwenye simu. Safari hii hakuwa na kopi za kutoa. Alikuja na simu za wakwe zake wawili, akaziweka mezani, akaniambia nizifanye kama yake.

Wenye mfumo ule wa maombi nimewaandikia mara mbili, kwa heshima, nikaambatisha na picha ya ule ukurasa mweupe. Hawajajibu. Jumatatu naandika barua ya tatu, na yule binti amesema safari hii na yeye ataweka jina lake.