Kitabu Kinasema Nilizaa Kawaida

Kile kitabu cha kliniki cha Mama na Mtoto kina sehemu ya mimba zilizotangulia. Mwaka gani, ulizalia wapi, uchungu ulichukua saa ngapi, ulizaa kwa njia gani, mtoto kilo ngapi, yuko hai ama la. Changu cha kwanza kimejazwa kwa mwandiko wa mbio: kawaida, kilo 3.2, hai. Nilipoanza kliniki ya mimba hii ya pili hapa Malindi nesi akachukua kile cha zamani akawa ananakili kwenye kipya, akafika hapo akaniangalia akacheka, "Kumbe wa kwanza ulizaa kawaida mama, huyu wa pili atateleza tu." Wallahi nililia pale pale, kikopo cha mkojo mkononi, na wanawake kama ishirini kwenye benchi wananitazama.

Manake hiyo kawaida yenyewe ndo hii.

Wakati huo tulikuwa tunaishi mji mwingine hapa hapa pwani, mji sitautaja na kituo sikitaji. Niliingia leba asubuhi nikazaa usiku wa saa saba. Katikati hapo nilipimwa njia na watu sita, niliwahesabu, hakuna hata mmoja aliyeniambia yeye nani wala kuniomba ruhusa. Nikipiga kelele naambiwa mbona siku ya kuitafuta hii mimba hukupiga kelele, ile kauli mnaijua, kama hujaambiwa wewe basi ameambiwa dadako. Mtoto akatoka, akalia, nikasema alhamdulillahi yamekwisha. Kumbe ndo yanaanza. Nyuma, yaani kondo la mtoto, ikakataa kutoka, damu inakwenda, nasikia joto chini ya mgongo, kitanda kimelowa, na nesi ni mmoja na kitanda cha pili kuna mwenzangu anasukuma, maskini anakimbia huku na huku. Halafu akaja mtu akaingiza mkono. Hakuna ganzi, hakuna neno, mkono tu. Nakumbuka taa ya dari, nakumbuka mjusi ukutani, halafu sikumbuki kitu mpaka naamka na dripu mikono yote miwili. Mume wangu alikuwa nje tangu magharibi na kila akiuliza anaambiwa mkeo yuko sawa.

Yule nesi simchukii, mniamini. Mtu mmoja usiku kucha na wazazi wanne, hata ningekuwa mimi ningebwata. Lakini kutomchukia hakujanifanya nilale.

Nyumbani sasa. Mamangu alikuja kutoka Lamu akanilea arubaini yote, maji ya moto, kukandwa, uji wa pilipili manga, mafuta ya nazi mwili mzima mpaka shuka zikawa hazitakati. Nililelewa vizuri mno. Lakini kila nikitaka kusimulia usiku ule naambiwa shukuru Mungu mtoto mzima. Mavyaa, mama wa mume wangu, naye alinambia yeye alizaa saba na hakuwahi kuhadithia mtu. Ati kuna leso imeandikwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi, tunajifunga kila siku, ila ukitaka kuueleza huo uchungu wenyewe kila mtu anatafuta viatu vyake. Miaka miwili nikisikia harufu ya spiriti nakufa ganzi miguu. Siku ya chanjo mtoto alikuwa anapelekwa na babake, mimi nabaki nyumbani nimejitia kuosha vyombo.

Baadaye ndo nikaja kusoma kwamba hali hii ipo na ina jina, ni ule mshtuko unaobaki na mtu baada ya ajali au vita, na wataalamu wanakadiria kama wanawake 4 katika kila 100 waliojifungua hubaki nao. Sio umama laini, sio kukosa imani.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na mtanisamehe nikiyasema kwa ukali. Mwanamke aliyeumia kwenye leba ya kwanza akikwambia anaogopa, usimwambie asifikirie sana. Hofu yake ni sehemu ya historia yake ya uzazi kama vile presha au damu ndogo, na inafaa iandikwe kitabuni. Tena mara nyingi hofu yenyewe inajua inachosema! Mimi nilidhani ni wasiwasi tu, kumbe mwanamke ambaye nyuma ilimkwama ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukwamiwa tena kuliko yule ambaye haikumkwama, na aliyevuja damu nyingi vilevile. Neno "kawaida" kwenye kitabu lilikuwa na maana moja tu, kwamba sikupasuliwa. Na mtu akilinakili hivyo hivyo basi usiku wa pili nitakutwa tena na nesi mmoja ambaye hajajiandaa kwa lolote.

Sasa nizalie wapi. Hapo ndo ukoo mzima ukawa madaktari.

Mamangu alipiga simu siku ile ile aliyosikia. "Ndoo kwetu mwanangu, mayi ya moto yapo, mafuta yapo, mimi mamako nipo, wataka nini tena?" Na kweli moyo wangu wote ulikuwa Lamu. Kulala chumba cha ndani, kusikia adhana na punda, kuzungukwa na wanawake wanaojua mtu akinyamaza ana nini. Hospitali ipo, King Fahd iko pale pale kisiwani, na dadangu alizaa huko akarudi anacheka. Sisemi vibaya. Ila mimi sikuwa nauliza mambo yakienda sawa, nilikuwa nauliza yakienda kombo na nikahitaji kupelekwa mbele zaidi. Nikihitaji, ni kubebwa mpaka gatini, ni boti mpaka Mokowe, kuvuka ni dakika chache sio huko shida, shida ni kuanzia hapo: Hindi, Witu, Gamba, Garsen, mpaka Malindi zaidi ya kilomita 200. Lami imewekwa, afadhali ya zamani tulipokuwa tunazama kwenye matope, lakini ni barabara ambayo miaka mingi mabasi yamepita kwa msafara wa polisi na usiku sio ya kuchezewa. Mtu anayevuja damu hahesabu kilomita, anahesabu dakika.

Na hapo nazungumzia Lamu mjini ambako ndo afadhali. Nina binamu kisiwa cha Pate. Boti za kule kuja Lamu zinapita mkondo wa Mkanda, na Mkanda miaka mingi maji yakipwa ulikuwa haupitiki, ilikuwa lazima usubiri yajae. Sasa hebu fikiria uchungu umekushika na nahodha anakwambia tungoje maji. Binamu yangu alipofika wiki ya 36 alihamia Lamu kwa shangazi akakaa mwezi mzima anasuka ukili, watu wakamsema ati anajidekeza. Mie nilimuona mwenye akili kuliko sisi wote.

Bibi upande wa mume alitaka nizalie nyumbani, kuna mkunga anamjua mikono yake baridi. Wakunga wetu nawaheshimu, wengine wamewashika wanawake kwa upole ambao hospitali haukuwepo, na nadhani hilo ndilo linalowarudisha wanawake wengi kwao wala sio ujinga kama tunavyoambiwa. Lakini upole hauongezi damu. Nikamwambia bibi, mkunga wako nampenda, aje anikande baadaye.

Wifi yangu yuko Mombasa, yeye alisema Mombasa tu. Kilomita kama 120, na foleni ya Mtwapa hamjaisahau. Ningehitaji kwenda mwezi kabla na kumwacha wa kwanza hapa. Hilo tulilitupa mapema.

Ikabaki Malindi. Kuna kliniki moja ya kibinafsi nilikwenda kuitazama, wee, mapazia ya waridi, kitanda cha kupanda na kushuka, nesi anakuita kipenzi. Nilitaka kulipia siku hiyo hiyo. Halafu nikauliza, usiku wa manane nikitakiwa kuingia theta, chumba cha kupasuliwa, daktari yuko wapi? Wakasema anaitwa. Anaitwa kutoka wapi? Kwake. Na damu? Tunaagiza. Kwa upole kabisa wananijibu. Nikatoka pale nimevunjika moyo manake nilikuwa nishaanza kuyapenda yale mapazia.

Hapo ndo nikajifunza kuuliza vizuri. Mwanzo nilikuwa nauliza "mko sawa?", na nani atakwambia hayuko sawa. Sasa nauliza saa nane usiku, Jumapili, manesi wangapi leba? Anayetia ganzi analala hapa au anapigiwa simu? Damu ya kundi langu ipo kwenye friji sasa hivi? Mtu wangu anaruhusiwa kuingia nami? Hili la mwisho sio kuomba fadhila, Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2018 limependekeza kila mwanamke awe na mtu anayemtaka mwenyewe kando yake wakati wa kuzaa. Na nikauliza stima zikipotea ile sindano ya oksitosini, ya kukaza kizazi damu isivuje, inakuwaje, kwa sababu inafaa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8 na Malindi yetu stima tunazijua. Nesi mmoja alicheka akasema we mama umesoma wapi. Nimesoma kitandani, usiku wa manane, nimekosa usingizi.

Katika hizo kusoma nikakutana na kitu kilichonitia hasira na matumaini pamoja. Kuna karatasi ya plastiki inawekwa chini ya mzazi, ina mfuko wenye mistari, damu inaingia humo inapimwa badala ya kukisiwa kwa macho. Ikifika mstari fulani hawangoji, wanafanya mambo yote kwa mpigo: kusugua tumbo kizazi kikaze, sindano, ile dawa ya kuzuia damu, dripu, na kukagua inatoka wapi. Kenya ilikuwemo kwenye utafiti huo, E-MOTIVE unaitwa, pamoja na Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na matokeo yalipotoka 2023 wanawake waliofikia hatari kubwa ya damu walikuwa wamepungua kwa asilimia 60. Karatasi ya plastiki na watu kutongojea! Usiku wangu damu ilipimwa kwa "mbona kitanda kimelowa".

Pesa nayo tuiseme. Linda Mama tuliyoizoea, ule mpango wa serikali wa kuzaa bure, imekwenda, sasa ni SHA, bima mpya ya afya ya serikali, na ukiwa hujaajiriwa unalipa ya mwaka mzima kwa mpigo, cha chini shilingi 300 kwa mwezi yaani 3,600. Ukishalipa, kuzaa kawaida wanalipia 10,000 na kupasuliwa 30,000. Jisajilini mapema, usingoje chupa ipasuke ndo uanze kutafuta mtandao.

Mwisho nimechagua hospitali kubwa ya serikali hapa hapa Malindi. Haina mapazia. Wodi inaweza kujaa mkalala wawili wawili na choo tusikizungumze. Lakini theta ipo, na nesi mkuu wa zamu, mtu mzima hivi, ndiye wa kwanza kuniambia "nisimulie, mama, usiache kitu." Nikasimulia. Hakuniambia nishukuru Mungu. Aliniuliza ule mkono ulinitisha kwa maumivu au kwa kutoambiwa. Sikuwa nimewahi kuulizwa hivyo, nikakaa nikafikiri, nikamwambia kwa kutoambiwa. Akachukua kalamu akakata lile neno kawaida kwenye kitabu kipya akaandika kwa herufi kubwa nyuma ilikwama, ilitolewa kwa mkono, alivuja damu, anaogopa kupimwa, mweleze kwanza. Nafasi ilikuwa ndogo akaendelea pembeni mpaka akafika kwenye sehemu ya chanjo.

Najua wengine watasema anayezaa hachagui, anashika alichopewa. Mwaka 2013 mwanamke mmoja wa Bungoma alizaa sakafuni hospitalini akapigwa makofi juu yake, na 2018 Mahakama Kuu ikaamua alipwe milioni 2.5. Kwa hivyo hata mahakama haikubali kwamba kuzaa ni kushika ulichopewa.

Na Lamu? Lamu inakuja kwangu. Mamangu alinuna wiki nzima, akasema tangu lini mama akamfuata mwana, halafu juzi kapiga simu kuuliza kama Malindi papa mkavu ni ghali au abebe wake. Tiketi ya basi imekatwa. Mavyaa bado amenuna.

Leo niko wiki ya 35. Damu ilikuwa 9.8 nikaanza vidonge vya madini na mchicha mpaka nauota, sasa iko 11.2. Mume wangu na shemeji zangu wawili wamepimwa na wameahidi kutoa damu, mmoja anaogopa sindano anajifanya ana shughuli. Na tumehifadhi namba za watu wa tuktuk watatu kwa ajili ya usiku. Jana saa tano nikawajaribu, wawili wakashika, wa tatu huzima simu akilala. Huyo nimemfuta.