Vita vilivyochelewa kuisha Mbala

Tarehe 11 Novemba, saa 5 kamili asubuhi, Uingereza hunyamaza kwa dakika 2. Ufaransa hufunga ofisi. Wajerumani, walioshindwa, hawaadhimishi mwisho wa vita siku hiyo. Wana Jumapili yao ya maombolezo katikati ya Novemba. Kila taifa huukumbuka mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia kadiri lilivyotoka vitani. Sisi wa Afrika Mashariki tulitoka vipi, na tunamkumbuka nani?

Tarehe yenyewe kwanza. Siku bunduki ziliponyamaza Ulaya, jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani wa Afrika Mashariki, lilikuwa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na lilikuwa limeuteka mji wa Kasama siku mbili tu kabla. Habari za amani zilimfikia kamanda huyo tarehe 13, karibu na mto Chambeshi. Alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918 Abercorn, mji unaoitwa Mbala sasa. Hata baada ya hapo askari wake na wapagazi walipelekwa kambini Tabora, na mafua makali ya mwaka ule yakawaua baadhi yao. Kwa hiyo anayetutaka tuinamishe vichwa tarehe 11 anatuomba tuikumbuke siku ambayo huku mtu alikuwa bado ana mzigo kichwani.

Wapo wanaosema tusiinamishe vichwa siku yoyote ile. Vile vilikuwa vita vya wafalme wawili wakigombea mali isiyo yao, na kuvikumbuka ni kuwafanyia kazi tena. Mashujaa wetu tunao: Songea huwakumbuka kila tarehe 27 Februari viongozi wa Maji Maji walionyongwa mwaka 1906, Tanzania ina Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai, kwa mkuki na ngao, na Kenya ina yake tarehe 20 Oktoba. Tena wanakumbusha jambo zito: askari wa Mjerumani tunaotakiwa kuwalilia ni wa jeshi lilelile lililochoma maghala ya nafaka kusini mpaka watu wakafa kwa njaa. Hoja hii siidharau. Mjukuu wa Mngoni hawezi kuambiwa aweke shada la maua kwa askari yule bila kuulizwa moyo wake unasemaje.

Ila hoja hiyo inamzungumzia askari, na walio wengi katika vita vile hawakuwa askari.

Walikuwa wapagazi. Malawi waliitwa tengatenga. Kwetu jina lao limebaki kuwa soko na mtaa: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote zimetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, magari yalizama kwenye matope, basi unga, risasi na mizinga vikabebwa na watu. Waingereza peke yao wanakadiriwa kuwachukua karibu watu milioni moja, wengi kwa nguvu. Mwaka 1917 Kenya ilikombwa wanaume wilaya kwa wilaya. Wanahistoria wengi huwahesabu waliokufa kuwa 95,000 au zaidi, na aliyeuawa kwa risasi alikuwa mmoja kati ya wengi waliouawa na kuhara damu, homa na unga usioiva. Mpagazi hakuteka nchi ya mtu. Ukimnyima kumbukumbu kwa sababu bwana aliyemkamata alikuwa mkoloni, unakubaliana na bwana huyo kwamba alikuwa mnyama wa mizigo.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ya kukiri makosa. Ilikuwa imeundwa mwaka 1917 kwa ahadi kwamba kila mfu ataheshimiwa sawa, bila kujali cheo wala rangi. Ripoti ikasema watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Nimezitazama namba hizo mbili mara nyingi. Toa moja kwenye nyingine: 234,000. Hiyo siyo idadi ya waliokufa. Ni idadi ya watu ambao hatujui kama wamo au hawamo katika hesabu ya waliosahauliwa. Ukiwa na uwanja wa mpira wa kuingia watu 60,000, utaujaza karibu mara nne kwa watu wasiojulikana kama wamo. Nyuma ya kila aliyepotea kulikuwa na mama aliyeuliza na asijibiwe, na mke asiyejua akae eda au aendelee kungoja.

Watetezi wa tume ile ya zamani husema vita vilikuwa vya kuhamahama, porini, na makaratasi yalipotea. Ni kweli kwa sehemu. Lakini wapagazi walilipwa ujira, na ujira una daftari, na daftari lina majina. Mishahara ya maelfu waliokufa haikuwafikia jamaa zao, na Waingereza waliijua hesabu yake. Miaka michache baada ya vita, gavana wa Tanganyika aliona makaburi makubwa ya wapagazi ya Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo, wala hakupenda kuzitazama takwimu za Waafrika waliopotea. Hapo karatasi haikupotea. Hapo mtu aligeuza uso.

Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam inaonyesha askari peke yake, bunduki mkononi. Mpagazi ametajwa kwenye maandishi tu, tena bila jina. Nairobi angalau wamemsimamisha pamoja na wenye bunduki.

Inawezekana kufanya zaidi. Desturi ya kunyamaza dakika 2 ilichukuliwa na Waingereza kutoka Cape Town, na ni Cape Town hiyohiyo iliyozindua mnara mwezi Januari 2025 kwa Waafrika Kusini 1,772, wengi wao weusi, waliokufa wakiwa vibarua wa jeshi katika vita vile. Kila mmoja ana nguzo yake ya mbao ya mvule, na jina lake. Imechukua zaidi ya miaka 100, na majina yalipatikana.

Mimi ningeichagua tarehe 25 Novemba, ya Mbala, na ningeanzia Kariakoo, bila gwaride na bila lile ua jekundu ambalo Waingereza huvaa kuwakumbuka wafu wao wa vita. Asomwe mtu mmoja mmoja kutoka kwenye daftari la mishahara: jina, kijiji chake, na ujira aliokuwa akidai.