Moto, chuma na hoja ya kuyeyuka

Kila mjadala unapozuka kuhusu majengo ya fremu za chuma yaliyoanguka kwa moto, husemwa kwamba samani, karatasi na mazulia haviwezi kutoa joto la kuyeyusha chuma, na kwa hiyo moto wa kawaida hauwezi kuliangusha jengo la namna hiyo. Sehemu ya kwanza ya hoja hii ni kweli: chuma cha ujenzi huyeyuka karibu na nyuzi 1,500 za Selsiasi, na moto wa ofisi haufiki huko. Kosa limo katika hitimisho, kwa sababu chuma hushindwa kubeba mzigo muda mrefu kabla ya kuyeyuka. Kikifika nyuzi 600 hubakiwa na takriban nusu ya nguvu yake, na ukakamavu wake, yaani uwezo wa kutopinda, hupungua zaidi ya hapo.

Hata hivyo, wanaoyatetea majengo haya wana ushahidi mzito. One Meridian Plaza, jengo la ghorofa 38 mjini Philadelphia, liliungua kwa zaidi ya saa 18 mwezi Februari 1991; wazimamoto watatu walipoteza maisha, lakini jengo halikuanguka. Miaka michache baadaye, watafiti nchini Uingereza walijenga jengo la majaribio la ghorofa 8 huko Cardington na kuliwasha moto. Boriti zisizo na kinga ya moto zilipita nyuzi 1,000 na kupinda vibaya, lakini sakafu ya zege iliyoshikamana nazo ililegea katikati na kuendelea kubeba mzigo kama kitanda cha kamba. Kwa msingi huo, wahandisi wengi hutetea kuacha baadhi ya boriti ndogo bila kinga, jambo linalopunguza gharama.

Ushahidi huo naukubali, ila naona unatumiwa kupita mipaka yake. Katika jaribio mojawapo la Cardington, kipande cha juu cha nguzo kilichoachwa wazi karibu na maungio kilibonyea kwa takriban milimita 180, na sakafu zilizokuwa juu yake zikashuka nacho. Mjini Tehran, jengo la Plasco lilianguka Januari 2017 baada ya kuungua kwa saa chache tu, wazimamoto wakiwa bado ndani.

Mfano wenye utata zaidi ni jengo namba 7 la World Trade Center, lenye ghorofa 47, lililoanguka jioni ya Septemba 11, 2001 bila kugongwa na ndege. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilieleza mwaka 2008 kwamba boriti za ghorofa ya 13 zilitanuka, zikaisukuma boriti kuu kutoka kwenye kiti chake katika nguzo ya 79, na nguzo hiyo ikakosa wa kuishika ubavuni. Kwa hesabu ya kawaida, boriti ya mita 15 joto lake likipanda kwa nyuzi 400 hurefuka kwa takriban sentimita 8, na hapo bado haijapoteza nguvu nyingi. Ripoti ya Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks ya mwaka 2020, iliyogharamiwa na kikundi kinachopinga maelezo rasmi, ilikataa kwamba moto ndio uliosababisha. Kuhoji hesabu za kompyuta za NIST ni haki ya mhandisi yeyote, lakini dosari katika hesabu, hata ikithibitishwa, haiondoi ukweli kwamba chuma chenye joto hutanuka.

Kwa hiyo swali linalostahili kuulizwa kabla ya kuacha boriti wazi linahusu maungio: je, yatastahimili msukumo wakati wa kutanuka, na mvuto wakati wa kupoa? Upande huu wa pili husahaulika mno. Boriti iliyopinda kwa joto hujivuta inapopoa, na huko Cardington baadhi ya maungio yalipasuka moto ukiwa tayari unafifia, saa ambayo wazimamoto huingia kukagua.